Bandika, Bandua na Mguu wa Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na nyumba za udongo, vibwebwe viunoni na majirani wa kugombana nao, palikuwa na mji uitwao Mavumbini. Mji huo ulikuwa na njia kuu moja tu, pana, yenye vumbi laini la kufika kwenye kifundo cha mguu. Katika njia hiyo zilichezwa ngoma mbili. Ya kwanza iliitwa Bandika. Ya pili iliitwa Bandua.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo wakubwa wengi walipopotea. Ngoma zote mbili zilikuwa na mpigo mmoja: tiki-tiki PU, tiki-tiki PU. Mabega yalitikiswa vile vile, na wachezaji walikwenda mbele hatua kwa hatua vile vile. Tofauti ilikuwa kitu kidogo mno. Katika Bandika, ngoma ikisema PU, mguu unatua. Katika Bandua, ngoma ikisema PU, mguu unanyanyuka. Basi, hakuna kingine. Mwenye kutazama tu huona miguu inapanda na kushuka, na vumbi. Ukitaka kujua hii ni ipi, lazima utazame na usikilize kwa pamoja. Mkifika nyumbani jaribuni, ila msijaribu karibu na chungu cha mama.

Bandika ilichezwa kwa anayekuja. Mtoto akizaliwa, bi harusi akiingia kwa mumewe, mgeni akihamia, wote walichezewa Bandika ili wabandikwe mjini, watulie. Bandua ilichezwa kwa anayeondoka: msafiri, na zaidi marehemu, siku ya kuanua tanga. Jamaa zake walicheza njiani kutoka nyumbani hadi kaburini ili nyayo zake zibanduke ardhini, aende zake kwa amani.

Mwenyekiti wa Mavumbini alikuwa Nyati. Alikuwa na pembe pana, sauti nzito, na kiti cha mninga ambacho hakuna aliyethubutu hata kukipangusa vumbi. Na karibu na jiko la mwenyekiti, penye harufu ya vyakula, hakukosekana Fisi.

"Mzee Mwenyekiti," Fisi alisema siku moja, "umewahi kujiuliza hawa watu wanambandua nani?"

"Nani anambandua nani?" Nyati akauliza.

"Kila wiki wako njiani. Bandua, bandua. Na mji huu aliyebandikwa juu ya kiti ni mmoja tu. Mimi sisemi kitu. Nasema tu."

Siku hiyo Nyati hakula chakula cha mchana. Kabla ya jua kushuka, mbiu ikalia mjini. Bandua ni marufuku. Atakayeicheza, nyumba yake itavunjwa na yeye ahame Mavumbini siku hiyo hiyo. Hata neno lenyewe lisitamkwe. Mwenye chungu jikoni asikibandue, akiepue. Na Fisi akapewa cheo kipya, Mkaguzi wa Miguu.

Mwezi haukuisha, Bi Nyamvula akafariki.

Bi Nyamvula alikuwa mama yake Sange. Mnamjua sange? Ni yule mnyama mdogo wa msituni, mwili wa panya, pua ndefu kama ameazima mkonga wa tembo akasahau kuurudisha. Kazi yake ni kukimbia na kugonga gonga miguu chini, tititititi, hata akiwa amekaa tu. Sange huyu alikuwa mnyama wa nasaba hiyo, na mama yake ndiye aliyekuwa bingwa wa Bandua mji mzima. Bi Nyamvula alikuwa na miguu myepesi na ulimi mkali. Akikuona umevaa vibaya atakwambia. Ukipika ubwabwa ukaungua, atakwambia, na kesho yake atakwambia tena. Hata Nyati aliwahi kuambiwa mbele za watu kwamba anatafuna kwa kelele.

Siku ya mwisho alimwita mwanawe kitandani.

"Sange, mwanangu. Nisikilize. Mimi sitaki kubaki hapa nimeganda kama ukoko kwenye chungu. Unibandue."

"Mama, imekatazwa."

"Sikukuuliza kama imekatazwa. Nimekwambia unibandue. Na atakayetangulia mbele asimame juu ya kaburi alitaje neno kwa sauti, nilisikie. Mimi siondoki kwa minong'ono."

"Nimekusikia, mama."

"Nimekusikia ni maneno ya mtu anayetaka kulala. Sema utafanya."

"Nitafanya," Sange akasema, na machozi yakamtoka.

Basi tanga likawekwa, siku saba. Majirani walikuja na mikeka, wakaja na unga, wakaja na ushauri. "Chezeni Bandika," walisema. "Mpigo ni ule ule, vumbi ni lile lile. Nani atajua?"

"Mama atajua," Sange akajibu, akawamiminia chai.

Siku ya pili alikwenda kwa Nungunungu, mpiga ngoma, nyumba ya tatu kutoka kwake. Alimkuta anawamba ngozi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Najua ulichokuja nacho, na jibu ni hapana. Nina watoto wanne, mke mgonjwa, na miiba imeanza kunipukutika. Mimi si wa kuhamishwa mji umri huu."

"Sijasema kitu, mzee. Nauliza tu. Bandika unaipigaje?"

"Tiki-tiki PU."

"Na ile nyingine, enzi zile?"

"Tiki-tiki PU."

"Basi ukipiga tiki-tiki PU siku ya saba, utakuwa umekosa nini? Wewe huna habari na miguu ya watu. Wewe una ngoma yako."

Nungunungu akaacha kuvuta ngozi. 

"Wewe mtoto," akasema, "ni mama yako mtupu."

"Ahsante, mzee," Sange akasema. Maneno hayo yalimgusa kuliko rambirambi zote alizopewa.

Siku ya tatu akamfuata Fisi. Mkaguzi wa Miguu alikuwa amelala kifudifudi kando ya njia, kidevu kwenye vumbi, macho mekundu, anatazama miguu ya wapita njia.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi."

"Marahaba. Usinisemeshe, niko kazini."

"Pole. Naona kazi ni nzito."

Fisi akapiga chafya. "Nzito? Dada yangu, huoni macho yangu? Mwezi mzima natazama miguu. Inapanda, inashuka. Inapanda, inashuka. Juzi nimemkamata Kanga, nikamburuta hadi kwa mwenyekiti, kumbe alikuwa anachakura chakula chake tu. Nimetukanwa. Mheshimiwa anataka majina, na mimi sina hata jina moja."

Sange akachuchumaa pembeni yake. Akafungua kifurushi, akatoa mfupa wenye nyama kidogo, akauweka kati yao.

"Kwani wewe unatazama miguu?"

"Nitazame nini? Mimi ni Mkaguzi wa Miguu."

"Ndiyo maana unaumia. Sisi tuliokulia ndani ya ngoma tunatazama fundo la kibwebwe. Mimi mama yangu alikuwa akinifunga kibwebwe cha Bandika kwa mkono wake, na fundo likikaa kulia. Sasa ukiona fundo kushoto, wewe mwenyewe una akili."

Hakusema uongo mkubwa, wanangu. Ni kweli mama yake alimfunga fundo kulia. Alimfunga kulia kwa Bandika, akamfunga kulia kwa Bandua, akamfunga kulia hata siku ya kwenda kisimani. Hivyo ndivyo mkono wake ulivyozoea.

Fisi alikuwa ameshauweka mfupa mdomoni. "Kulia Bandika," akasema huku anatafuna. "Kushoto ile nyingine. Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Usimwambie mtu. Hii sasa ni siri ya serikali."

Lakini kumpita Fisi ilikuwa nusu ya safari. Lilibaki neno. Bi Nyamvula alitaka litajwe kwa sauti juu ya kaburi, na yeyote atakayelitaja alikuwa amejitia kitanzi. Sange angelitaja mwenyewe, hakuihofia nafsi yake. Tatizo ni wale majirani waliokubali kucheza nyuma yake. Siku hiyo hiyo nyumba zao zingekuwa chini. Kuna mtu mmoja tu Mavumbini ambaye nyumba yake haikuweza kuvunjwa.

Siku ya nne, nyumbani kwa jirani yao Swala kulikuwa na Bandika ya mtoto mchanga. Sange alikuwa kwenye tanga, hakuruhusiwa kucheza, akakaa ukutani kimya. Nyati alialikwa kama mwenyekiti. Alisimama mlangoni, akitikisa kichwa, akigongesha mguu kufuata ngoma. Sange akautazama ule mguu. Tiki-tiki PU. Akautazama tena. Tiki-tiki PU. Aliutazama mara kumi, na mara zote kumi aliona kitu kile kile. Akarudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu mama afe, akala sahani nzima ya ugali.

Siku ya saba ikafika. Alasiri, msafara ukatoka nyumbani kwa Bi Nyamvula. Mbele alikuwa Sange, nyuma yake majirani, na pembeni Nungunungu na ngoma yake, akitetemeka mpaka miiba inalia cha-cha-cha. Wote walikuwa wamefunga vibwebwe, mafundo kulia. Tiki-tiki PU, miguu juu. Tiki-tiki PU, miguu juu.

Fisi akapita mstarini, mikono nyuma, akitazama viuno. "Kulia. Kulia. Kulia. Bandika safi. Piteni."

Nungunungu akapumua. Hakupumua sana, maana mbele palikuwa na lango la Nyati, na Nyati mwenyewe alikuwa amesimama langoni.

"Simamisha hiyo ngoma," Nyati akasema. "Leo ni tanga. Kwenye tanga nijuavyo mimi huchezwa ile nyingine. Mnacheza ipi?"

"Bandika, mheshimiwa," Fisi akadakia. "Nimekagua mmoja mmoja."

"Umejuaje?"

"Kwa utaalamu."

Nyati akamtazama Fisi, akawatazama wachezaji. "Sikubali. Nataka nione kwa macho yangu. Nichezeeni Bandika, kisha mnichezee ile nyingine, nizipambanue."

Sange akasogea mbele, akasimama chini ya kidevu cha Nyati, mdogo hivi, hata ukwato wake ulimzidi.

"Mzee Mwenyekiti, tukikuchezea ile nyingine tutakuwa tumeicheza. Na tukiicheza, amri yako itatufukuza sote, na ubaki na mji mtupu."

Nyati akakuna shingo kwenye nguzo ya lango. "Ni kweli."

"Lakini Bandika umeiruhusu mwenyewe. Ukiijua Bandika kwa mguu wako, chochote kisichokuwa hicho utakitambua hata ukiwa umelala. Na pia, mzee, mwenyekiti asiyejua ngoma aliyoiruhusu, watu wanaweza kusema."

"Watasema nini?"

"Mimi sisemi kitu. Nasema tu."

Nyati akageuza macho, akaona mji mzima unamtazama. "Leteni kibwebwe," akaamuru.

Kibwebwe kimoja hakikutosha. Ziliunganishwa nguo tatu za kanga, kiti cha mninga kikaletwa, Sange akapanda juu yake, wa kwanza kukikanyaga tangu kichongwe, akamfunga. Fundo kulia.

"Sasa ni rahisi, mzee. Ngoma ikisema PU, mguu utue."

"Ikisema PU, mguu utue. Hilo tu?"

"Hilo tu. Na ni ngoma ya njiani, haichezwi mtu kasimama. Wewe ni mkubwa wetu, tangulia."

Mnaona, wanangu, Sange hakumdanganya. Alimpa sheria ya Bandika, neno kwa neno. Lakini alikuwa ameshauona ule mguu kwa Swala. Nyati alikuwa mkubwa kupita kiasi. Ngoma iliposema PU, sikio lilisikia, habari ikashuka shingoni, ikapita kwenye tumbo lile, ikafika mguuni wakati wenzake wameshamaliza. Hapo ndipo mguu uliposhtuka na kuanza kutua. Ukatua polepole, njia nzima ikatingishika, na kabla haujapumzika, PU nyingine ikaukuta unanyanyuka tena.

Tiki-tiki PU, ukwato juu. Tiki-tiki PU, ukwato juu.

Ilikuwa Bandua. Ilikuwa Bandua nzito, ya vumbi jingi, lakini Bandua kamili. Nungunungu nusura aangushe vijiti.

"Vipi?" Nyati akauliza bila kugeuka, jasho linamtiririka. "Naiweza?"

"Mzee, una mguu," Sange akasema, na aliamini anachokisema.

Basi mwenyekiti wa Mavumbini akatangulia, mji ukamfuata. Walipita sokoni, wakapita kisimani. Watoto walitoka majumbani, wakaingia mstarini. Fisi alikwenda kando akihakikisha mafundo. Sange alicheza nyuma ya Nyati mchana kweupe, na kila PU mguu wake uliponyanyuka, alisema moyoni, mama, mama. Alilia na hakujifuta. Alikuwa na huzuni na furaha kwa wakati mmoja, na miguu haikukosea hata mara moja.

Wakafika kaburini. Ngoma ikanyamaza. Nyati alikuwa amesimama juu ya udongo mbichi, anahema, na uso unang'aa kwa majivuno.

"Sasa naijua," akasema. "Hiyo ndiyo Bandika. Mkaguzi, au sivyo?"

Fisi akachungulia kiuno chake. "Bandika safi, mheshimiwa. Sijawahi kuona Bandika kama hiyo."

Sange akakaa chini, akajishika kichwa. "Basi tumekwisha."

"Kwisha vipi?" Nyati akauliza.

"Bandika ni ya kumbandika mtu, mzee. Leo tumemchezea mama yangu. Maana yake haendi tena, tumeshambandika hapa hapa Mavumbini."

"Abandikwe tu. Mji ni mkubwa."

"Hewani hawezi kukaa, mzee. Mtoto mchanga hubandikwa kwa mama yake. Bi harusi hubandikwa kwa mumewe. Mama yangu sasa atabandikwa kwa nani, kama si kwa aliyetangulia mbele na kumfikia wa kwanza?"

Majirani wakatazamana. Hakuna aliyewahi kusikia jambo hilo, lakini hakuna aliyeweza kulipinga. Polepole wote wakarudi nyuma hatua moja, wakamwacha Nyati peke yake juu ya kaburi.

"Mama yako," Nyati akasema taratibu, "si ndiye yule aliyeniambia natafuna kwa kelele?"

"Ndiye huyo. Na tangu siku ile alikuwa na mengine, hakupata nafasi ya kukwambia. Sasa atakuwa nayo asubuhi, mchana na jioni. Hachoki, mzee. Sisi tunamjua."

Nyati akataka kuondoka pale. Akavuta mguu. Mguu haukutoka. Udongo ulikuwa mbichi, na ng'ombe hata wa nusu ya uzito wake angezama. Lakini nani angemwambia Nyati habari za udongo saa ile? Akavuta tena. Ukazama zaidi.

"Ameshanishika," akanong'ona. Kisha akamgeukia Nungunungu. "Wewe mpiga ngoma, wewe umezeeka na ngoma. Nimecheza ipi? Sema kweli."

Nungunungu akamtazama Sange. Sange akamwitikia kwa kichwa.

"Mguu wako ulinyanyuka kwenye PU, Mzee Mwenyekiti. Toka langoni mpaka hapa. Haukutua kwenye PU hata mara moja."

"Na inayonyanyuka kwenye PU ni ipi?"

"Hiyo hairuhusiwi kutajwa, mzee."

Nyati akautazama mguu wake. Akatazama njia aliyopita, mji mzima umejaa humo. Akisema Bandika, amejitwisha Bi Nyamvula. Akisema ile nyingine, amevunja amri yake mbele ya kila mwenye macho. Akavuta mguu mara ya tatu, na mara hii udongo ukatoa sauti, fyoo, mithili ya mtu anayefyonya kwa dharau.

"Bandua!" akapiga kelele, na ndege wakaruka mitini. "Nilicheza Bandua! Bi Nyamvula, umesikia? Tumekubandua. Nenda, mama, nenda salama, njia haina mwiba."

Akajirusha nyuma kwa nguvu zake zote. Pwaa, mguu ukatoka, akaanguka kitako, kanga tatu zikafunguka.

"Mheshimiwa," Fisi akasema, na daftari liko mkononi, "niandike jina gani?"

Nyati akainuka, akajikung'uta.

"Usiandike kitu," akasema. "Amri nimeibandua mwenyewe. Na wewe kaa mbali na jiko langu."

Akaondoka na njia yake, na watu walimpisha kwa heshima, maana ilikuwa vigumu kumcheka mtu aliyemsindikiza marehemu wao vizuri namna ile.

Sange alibaki. Akapiga magoti, akausawazisha udongo pale ukwato ulipochimba shimo, akaupapasa kwa kiganja.

"Umelisikia, mama?" akasema. "Amelitaja kwa sauti."

Halafu akasimama, akafungua kibwebwe, akarudi nyumbani kukunja mikeka ya tanga.

Nami hadithi imenitoka mdomoni, aliyeipenda aichukue. Wanangu, anayekataza asichokijua huishia kukitenda mwenyewe mbele za watu.